Maradhi ya Akili na Hofu ya Kupoteza Bima ya Afya: Somo kwa Wagonjwa na Familia Zao

Madhumuni ya somo

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani ambao wao wenyewe, au jamaa zao, wanaishi na maradhi ya akili kama vile sonona, kiwewe, wasiwasi uliopindukia, bipola au skizofrenia, na ambao matibabu yao hulipwa na mpango wa serikali. Wengi walifika kutoka Kongo na Burundi baada ya kukaa miaka mingi katika kambi za Tanzania, Kenya na Uganda. Wengine walikuja kwa masomo, kazi au ndoa. Njia zao zilikuwa mbalimbali, lakini swali linalowakosesha usingizi ni moja: bima ikikatwa, dawa zitatoka wapi?

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la wazi. Kwa muhtasari, watu wengi wanaopoteza bima ya serikali hawaipotezi kwa sababu hawaistahili tena, bali kwa sababu karatasi fulani haikujibiwa kwa wakati. Karatasi ni jambo ambalo familia inaweza kulisimamia. Kurasa hizi zinaeleza namna ya kulisimamia, namna ya kusema na daktari, yanayotokea mgonjwa anapopata nafuu au kazi, na la kufanya ikiwa bima imekatwa.

1. Namna hofu inavyomdhuru mgonjwa

Kuogopa kupoteza matibabu si upungufu wa imani, wala si tamaa ya kupenda vya bure. Mtu ambaye dawa yake humwezesha kulala, kula na kukaa na wanawe kwa amani ana sababu ya kuiogopa siku ambayo dawa hiyo haitapatikana. Hofu huwa nzito zaidi kwa aliyewahi kuishi kambini. Huko, aliyekosekana siku ya uhakiki aliweza kuondolewa katika orodha ya mgao. Akili iliyojifunza hivyo haisahau upesi. Bahasha yenye nembo ya serikali huweza kumrudisha mtu katika foleni ile ile, ingawa amekaa mezani kwake Ohio au Kentucky.

Maradhi yenyewe huongeza ugumu. Sonona humpunguzia mtu nguvu ya kuanza hata jambo dogo. Wasiwasi humfanya aahirishe kila kinachomtisha. Skizofrenia huweza kumfanya aamini kwamba barua ni mtego aliowekewa. Baadhi ya dawa huleta usingizi na kupunguza wepesi wa fikra. Hivyo anayeihitaji bima kuliko wengine ndiye mara nyingi mwenye uwezo mdogo wa kujaza fomu zake, na jambo hilo si uvivu.

Kutokana na hofu, wagonjwa wengi huangukia katika moja kati ya mambo manne yafuatayo:

Kwanza, huacha barua bila kuzifungua, kwa matumaini kwamba jambo lisilosomwa halijatokea.

Pili, hupunguza dawa ili zidumu muda mrefu zaidi, au huziacha kabisa kabla bima haijakatwa. Kuacha ghafla dawa za maradhi ya akili huweza kuleta dalili kali za mwili na kuyarudisha maradhi kwa nguvu. Dawa ipunguzwe kwa maelekezo ya daktari tu.

Tatu, hukataa kazi au masomo wanayoyaweza, kwa kudhani kwamba mshahara wa kwanza utaondoa msaada wote.

Nne, humficha daktari hali yao ya kweli: wengine huficha nafuu, wengine huficha shida.

Mambo haya manne hufanana kwa jambo moja: kila moja huileta karibu zaidi hasara ile ile ambayo mgonjwa anajaribu kuikimbia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Leo barua iliyofichwa chini ya godoro nayo humuumbua mwenyewe.

2. Mipango minne isiyopaswa kuchanganywa

Hofu kubwa huzaliwa na kuchanganya majina. Mtu husikia kwamba jirani "amekatwa", akadhani kila kitu kimekatwa. Ni vema kila familia ijue mgonjwa wao yumo katika mpango upi.

Medicaid ni bima ya afya kwa watu wenye kipato kidogo. Ilianzishwa mwaka 1965, hugharamiwa kwa pamoja na serikali ya shirikisho na serikali za majimbo, na kila jimbo huiendesha kwa taratibu zake. Katika baadhi ya majimbo hujulikana kwa jina jingine kabisa.

Medicare ni bima ya shirikisho kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na kwa baadhi ya watu wenye ulemavu walio chini ya umri huo.

SSI ni posho ya kila mwezi kwa wazee, wasioona na watu wenye ulemavu ambao wana kipato kidogo na mali kidogo. Maradhi ya akili yanayomzuia mtu kufanya kazi huhesabiwa kuwa ulemavu. Kwa mwaka 2026 kiwango cha juu cha shirikisho ni dola 994 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Mtu mmoja hapaswi kuwa na akiba na mali inayohesabiwa ya zaidi ya dola 2,000, na wanandoa dola 3,000. Nyumba anayoishi mtu na gari moja la matumizi yake kwa kawaida havihesabiwi.

SSDI ni malipo kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi na kulipa kodi ya Social Security kwa muda unaotakiwa, kisha akapata ulemavu. Mwenye kupokea SSDI kwa kawaida huingizwa katika Medicare baada ya miezi 24.

SSI na SSDI ni fedha. Medicaid na Medicare ni matibabu. Katika majimbo mengi, mwenye SSI hupata Medicaid moja kwa moja. Hata hivyo, kupoteza SSI si lazima kuwe ni kupoteza Medicaid. Kabla ya kumwondoa mtu, jimbo linawajibika kuchunguza kama anastahili Medicaid kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kipato kidogo, kwa ujauzito au kwa ulemavu. Anayeambiwa kwamba njia moja imefungwa ana haki ya kuuliza: "Je, njia nyingine zimechunguzwa?"

3. Tunachofundishwa na miaka ya karibuni

Kuanzia Machi 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, majimbo yalizuiwa kuwaondoa watu katika Medicaid. Zuio hilo lilikoma tarehe 31 Machi 2023, na majimbo yakaanza tena kuhakiki kila familia. Katika uhakiki huo watu zaidi ya milioni 25 waliondolewa. Karibu saba kati ya kila kumi waliondolewa kwa sababu za kiutaratibu: fomu haikurudishwa, barua ilikwenda anwani ya zamani, au hati moja ilikosekana. Hao hawakupimwa wakaonekana kuwa na kipato kikubwa. Wengi hawakupimwa kabisa.

Takwimu hizi ni onyo na ni faraja. Ni onyo, kwa kuwa ukimya huchukuliwa kuwa jibu. Ni faraja, kwa kuwa hatari kubwa zaidi si ile inayotoka katika uamuzi wa daktari wala katika chuki ya mtu fulani, bali katika bahasha. Bahasha inaweza kufunguliwa, hata kwa mkono wa ndugu.

4. Kuhuisha bima hatua kwa hatua

Medicaid huhuishwa angalau mara moja kila miezi 12. Jimbo hutakiwa kwanza kujaribu kuhuisha kwa kutumia taarifa lilizonazo. Likishindwa, hutuma fomu. Kwa watu wazima wengi walio chini ya miaka 65, sheria ya shirikisho inataka wapewe angalau siku 30 za kujibu. Hatua zifuatazo humsaidia mgonjwa asipitwe na siku hizo:

a) Anwani na namba ya simu ziwe sahihi. Kila familia inapohama, hata kutoka ghorofa moja hadi nyingine katika jengo lile lile, taarifa ipelekwe katika ofisi ya Medicaid, na kwa mwenye SSI au SSDI ipelekwe pia Social Security. Kuijulisha posta peke yake hakutoshi. Mwenye SSI hutakiwa kutoa taarifa ya mabadiliko ya kipato, mali, anwani au watu anaoishi nao kabla ya kupita siku ya 10 ya mwezi unaofuata.

b) Iwekwe siku moja ya wiki ya kufungua barua. Kwa mgonjwa, kufungua barua peke yake kila siku huweza kuwa mzigo. Ni rahisi zaidi kuwe na siku maalumu, kwa mfano Jumamosi asubuhi, akiwa pamoja na mtu anayemwamini.

c) Zitafutwe tarehe mbili katika kila barua: tarehe ya mwisho ya kujibu, na tarehe ambayo mabadiliko yataanza. Zote mbili ziandikwe katika kalenda ya ukutani kwa wino unaoonekana.

d) Aombwe mkalimani. Chini ya Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, taasisi za afya zinazopokea fedha za shirikisho zinawajibika kumpatia mkalimani, bila malipo, mtu asiyejua Kiingereza vizuri. Kwenye simu, kutaja neno "Swahili" peke yake na kusubiri kunatosha kuanza. Mkalimani wa kazi hufungwa na wajibu wa kutunza siri.

e) Fomu irudishwe hata kama hati moja imekosekana. Fomu iliyotiwa saini na kufika kwa wakati, ikiambatana na maelezo kwamba hati fulani inafuata, ni bora kuliko fomu kamili iliyochelewa.

f) Utunzwe ushahidi. Kila kilichotumwa kipigwe picha. Iandikwe tarehe, saa na jina la mhudumu aliyepokea simu. Bahasha moja kubwa, yenye jina la mgonjwa, itunze karatasi hizi zote mahali pamoja.

Kwa mwenye SSI au SSDI kuna uhakiki mwingine, ule wa ulemavu wenyewe. Social Security hupitia upya faili ili kuona kama afya ya mtu imeimarika. Pale ambapo nafuu inawezekana lakini haina uhakika, mapitio huja takribani kila miaka 3. Pale ambapo nafuu haitarajiwi, huja baada ya miaka 5 hadi 7. Kupokea fomu ya mapitio si tuhuma wala si dalili kwamba mtu ameshitakiwa na jirani. Ni ratiba.

5. Neno "sijambo" mbele ya daktari

Katika mapitio hayo, shahidi mkuu ni faili la hospitali. Hapa wasemaji wa Kiswahili hukutana na tatizo ambalo fomu haziligusi.

Kwa ada yetu, anayeulizwa hali hutanguliza jibu jema: "Sijambo," "Salama," "Alhamdulillahi," "Tunamshukuru Mungu." Hata aliyefiwa jana hujibu "njema" kabla ya kuutaja msiba. Ada hiyo ni nzuri na haihitaji kuachwa nyumbani wala msikitini wala kanisani. Lakini daktari wa Marekani haijui. Anapouliza hali na kusikia kwamba ni nzuri, huandika kwamba mgonjwa anasema yu mzima. Baada ya ziara tano za namna hiyo, faili huonyesha mtu aliyepona, ilhali nyumbani hajalala vizuri tangu mwezi uliopita.

Vivyo hivyo, maneno tunayotumia kueleza maumivu ya nafsi huweza kupotea njiani. Mtu anaposema "nina mawazo mengi", msikilizaji mgeni huweza kudhani kwamba ana mipango mingi kichwani. Anaposema "moyo unanienda mbio" au "kichwa kinawaka moto", huweza kupelekwa kupimwa moyo au kupewa dawa ya kichwa peke yake.

Dawa ya tatizo hili ni kusema kwa hesabu na kwa mifano. Baada ya kumshukuru Mungu, mgonjwa aendelee kueleza:

Amelala saa ngapi kwa usiku katika wiki iliyopita.
Ni siku ngapi hakuweza kutoka nje, kuoga au kupika.
Ni mara ngapi alisahau dawa, na kwa nini.
Nani humkumbusha, humsindikiza au humfanyia kazi ambazo zamani alizifanya mwenyewe.
Siku mbaya huwa vipi, maana siku ya kumwona daktari mara nyingi ndiyo siku aliyojikaza.

Ukweli huu uende pande zote mbili. Nafuu isifichwe, na shida isikuzwe. Mgonjwa anayemficha daktari nafuu yake huweza kuongezewa dawa asiyoihitaji; anayeficha shida huweza kukosa dawa anayoihitaji. Faili lenye ukweli ndilo ulinzi bora wa mgonjwa, kwa kuwa maradhi ya akili hupanda na kushuka, na rekodi ya kupanda na kushuka huko ndiyo inayoeleza kwa nini matibabu yasikatizwe.

6. Nafuu na kazi

Wengi huamini kwamba dola ya kwanza ya mshahara hufuta kila kitu. Sivyo sheria inavyosema. Kwa mwenye SSI, Social Security huacha dola 20 za kwanza za kipato, kisha dola 65 za mshahara, na katika zinazobaki huhesabu nusu tu.

Tuchukue mfano wa mtu asiye na kipato kingine, anayepata mshahara wa dola 485 kwa mwezi katika mwaka 2026. Zikiondolewa dola 20 na dola 65, hubaki 400. Nusu yake ni 200. SSI yake hupungua kutoka dola 994 hadi dola 794. Akijumlisha na mshahara, huwa na dola 1,279 kabla ya makato. Kazi imemwongezea kipato, na Medicaid yake imebaki.

Hata pale mshahara unapopanda hadi SSI ikafikia sifuri, ipo kanuni ya shirikisho iitwayo 1619(b). Humruhusu mtu ambaye bado ana ulemavu, na ambaye hawezi kufanya kazi bila Medicaid, kuendelea na bima hiyo hadi mshahara wake wa mwaka uvuke kiwango kilichowekwa kwa jimbo lake. Kwa mwenye SSDI, ipo miezi 9 ya kujaribu kazi ndani ya kipindi cha miaka 5, ambamo malipo hayapunguzwi. Baada ya miezi hiyo, Medicare huweza kuendelea kwa angalau miezi 93 zaidi, maadamu ulemavu upo.

Masharti ni mawili: mshahara uripotiwe kwa wakati, na stakabadhi za mshahara zitunzwe. Kipato kisichoripotiwa huzaa deni, na deni hilo ndilo linalowatesa wengi kuliko kazi yenyewe. Kabla ya kuanza kazi, inafaa mgonjwa aonane na mshauri wa mafao na kazi. Ofisi ya Social Security huweza kumwelekeza kwa mshauri asiyetoza malipo.

7. Mabadiliko ya sheria yanayowagusa wasomaji wa somo hili

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha mambo kadhaa katika Medicaid. Matatu yanahitaji kuangaliwa mapema.

La kwanza ni hadhi ya uhamiaji. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, sheria inaelekeza fedha za shirikisho za Medicaid kwa raia, kwa wakaazi wa kudumu wenye kadi ya kijani na kwa makundi mengine machache. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye bado hana kadi ya kijani yumo hatarini, isipokuwa jimbo lake limeweka mpango wa fedha zake lenyewe. Mkimbizi hutakiwa kuomba kadi hiyo baada ya kukaa nchini mwaka mmoja. Familia zilizochelewa zisisubiri zaidi. Zimwone mwanasheria wa uhamiaji au shirika lililozipokea. Wakimbizi na waliopewa hifadhi hawapimwi kwa kipimo cha "mzigo kwa umma" wanapoomba kadi ya kijani. Kwa hiyo mtu asiache matibabu kwa kuogopa kwamba bima itamharibia maombi yake.

La pili ni sharti la kazi. Kufikia tarehe 1 Januari 2027, watu wazima wenye umri wa miaka 19 hadi 64 waliopata Medicaid kwa upanuzi wa kipato watatakiwa kuonyesha saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au kujitolea. Majimbo yanaruhusiwa kuanza mapema zaidi. Sheria imewaondolea sharti hili watu wenye udhaifu mkubwa wa kiafya, wakiwemo wenye maradhi ya akili yanayowazuia kutenda shughuli zao, pamoja na wazazi wa watoto wenye umri wa miaka 13 au chini. Lakini msamaha huo ni lazima ujulikane kwa jimbo. Mgonjwa amwombe daktari mapema kuandika ugonjwa wake na jinsi unavyomzuia.

La tatu ni muda. Kwa kundi hilo hilo la upanuzi, uhakiki utakuwa kila miezi 6, kuanzia mwisho wa mwaka 2026. Kalenda ya ukutani itahitaji alama mbili kwa mwaka badala ya moja.

Kuhusu SSI, mkimbizi ambaye si raia huweza kuipokea kwa miaka 7 ya mwanzo tu, isipokuwa awe na sifa nyingine. Njia ya wengi ya kuvuka mpaka huo ni uraia. Ambaye maradhi yake yanamzuia kujifunza Kiingereza au historia ya Marekani huweza kuombewa msamaha wa mtihani kwa fomu N-648, ambayo hujazwa na daktari. Ni fomu inayotaka muda, hivyo ianzwe mapema kabla ya mwaka wa saba.

8. Barua ya kukatwa ikifika

Barua hiyo si mwisho wa safari. Kwa kawaida inapaswa kutumwa angalau siku 10 kabla bima haijakatwa, na inapaswa kueleza sababu na njia ya kukata rufaa.

Isomwe siku ile ile, pamoja na mkalimani ikihitajika, ili sababu ijulikane: ni fomu iliyokosekana, au ni uamuzi kwamba mtu hastahili?

Ikiwa ni fomu iliyokosekana, watu wazima wengi walio chini ya miaka 65 wana siku 90 baada ya bima kukatwa za kuileta, na kesi ikafunguliwa tena bila maombi mapya.

Ikiwa ni uamuzi, iombwe rufaa. Rufaa ya Medicaid ikiombwa kabla ya tarehe ya kukatwa, mgonjwa anaweza kuomba bima iendelee hadi shauri lisikilizwe. Kwa Social Security, muda wa rufaa ni siku 60; lakini anayeambiwa kwamba ulemavu wake umekoma na anataka malipo yaendelee wakati wa rufaa, aombe hivyo ndani ya siku 10. Ajue pia kwamba akishindwa huweza kudaiwa alichopokea wakati huo.

Kliniki iarifiwe siku hiyo hiyo. Daktari akijua mapema huweza kuandika dawa za kutosha, kuchagua dawa ya bei nafuu au kuomba msaada wa dawa. Mgonjwa asiazime dawa ya mtu mwingine.

Vituo vya afya vya jamii vinavyogharamiwa na serikali ya shirikisho hutoza kwa kadiri ya kipato na havimfukuzi mtu kwa kukosa fedha. Vingi vina huduma za afya ya akili.

Hali ikiwa ya dharura, bima si sharti la kuokolewa. Kwa sheria ya mwaka 1986, idara za dharura za hospitali zinazopokea Medicare zinawajibika kumchunguza na kumtuliza kila anayefika na dharura, ikiwemo ya akili, bila kujali uwezo wake wa kulipa. Mwenye fikra za kujidhuru, au jamaa yake, apige 988 wakati wowote wa usiku au mchana na kuomba mkalimani wa Kiswahili. Maisha yakiwa hatarini papo hapo, ipigwe 911.

9. Wajibu wa familia

Ndugu wa mgonjwa ana kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kukaa naye wakati wa kufungua barua, bila kumkaripia kwa zile zilizolala. Maneno machache yanatosha: "Dada, karatasi hizi tutazisoma pamoja. Tukikwama, tutapiga simu." Au: "Baba, mimi nitaandika tarehe, wewe utaniambia nani wa kumpigia."

Kazi ya pili ni kupata ruhusa rasmi. Ofisi haziruhusiwi kumpa ndugu habari za mgonjwa hivi hivi. Mgonjwa anapokuwa na nafuu, atie saini fomu ya kumteua mwakilishi wake wa Medicaid, na atoe ruhusa ya maandishi kwa kliniki. Anayeshindwa kabisa kusimamia fedha zake huweza kuwekewa na Social Security mpokeaji wa niaba. Fedha hizo ni amana ya mgonjwa. Hutumika kwa chakula, makazi na matibabu yake, na hesabu yake huulizwa.

Kazi ya tatu ni kuwalinda watoto. Mtoto anayejua Kiingereza asifanywe mkalimani wa maradhi ya mama yake wala wa barua za kukatwa bima. Habari hizo ni nzito kwake, na mgonjwa naye hatasema yote mbele ya mwanawe.

Viongozi wa dini wana nafasi yao. Dua, kisomo na maombi humpa mgonjwa nguvu na humtoa katika upweke. Havigombani na dawa. Imamu au mchungaji anayemwambia mgonjwa "endelea na dawa yako, nasi tunakuombea" amefanya tiba ya aina mbili kwa mara moja.

10. Maswali ya kujadili nyumbani au katika kikundi

Mgonjwa wetu yumo katika mpango upi kati ya ile minne?
Bima yake inahuishwa mwezi gani, na tarehe hiyo imeandikwa wapi?
Anwani iliyoko katika ofisi ya Medicaid ni ya nyumba hii tunayoishi sasa?
Nani ana ruhusa ya maandishi ya kusema kwa niaba yake?
Ziara ya mwisho kwa daktari, alisema nini baada ya "sijambo"?
Kila mmoja wetu yuko katika hatua gani ya kadi ya kijani au uraia?
Bima ikikatwa kesho, simu ya kwanza itapigwa kwa nani?

Familia iliyokwisha kuyajibu maswali haya haijaondoa kila hatari, kwa kuwa sheria hubadilika na ofisi nazo hukosea. Lakini imeigeuza hofu isiyo na umbo kuwa orodha yenye tarehe na majina. Na mgonjwa anayejua kwamba tarehe zake zinajulikana na watu wawili huanza kulala mapema kidogo, jambo ambalo nalo ni sehemu ya tiba.